Mwenye Sikukuu Mmemwandikia Ngapi?

Sisi Wachagga tunaoishi Dar es Salaam tuna ugonjwa unaotupata kila Novemba. Dalili ya kwanza ni kundi la WhatsApp la ukoo, lililolala fofofo tangu Pasaka, kuamka ghafla usiku wa manane. Dada yetu mkubwa, mwekahazina wa kujiteua, anamwaga bajeti ya Krismasi. Mwaka jana ilikuwa na vipengele kumi na moja: mbuzi wawili, mbege, kreti za soda, mchele wa pilau, viatu vya watoto, rangi ya ukuta wa mbele (wa nyuma hauonekani barabarani, kwa hiyo ulisamehewa), kukodi spika, na kuendelea hivyo hadi kuni. Spika peke yake ilitugombanisha siku tatu. Shemeji alitaka kubwa kabisa, ili jirani wa kule juu ajue na sisi tumerudi.

Siku ya nne Mama akatuma sauti. Mama haandiki. Anabonyeza simu na kuzungumza kama anamwita mtu aliye ng'ambo ya korongo, kuku wakilia nyuma yake. "Bajeti nimesomewa. Ni nzuri. Sasa mwenye sikukuu mmemwandikia shilingi ngapi?"

Tiki za bluu zikajaa, jibu hakuna. Baada ya saa nzima kaka akaandika "Amina", ambalo nalo halikuwa jibu.

Mimi si mpagani, naomba ieleweke. Bahasha yangu ya ahadi nailipa, ingawa kwa mwendo wa kinyonga. Ila nashindwa kuelewa ni kwa nini kuzaliwa kwa Mwokozi lazima kunigharimu kilomita 550 za barabara ambayo siku hiyo kila mwenye gari yumo. Kibao cha 50, kibao cha 80, kibao cha 50 tena, na ukisahau kimoja tu kuna kijana mwenye kofia nyeupe anachungulia kutoka kwenye kivuli cha mwarobaini. Nilipigwa tochi mara mbili kabla sijauona mlima. Elfu thelathini, na elfu thelathini nyingine. Kosa lilikuwa langu, sikatai, lakini na mlima wenyewe ulikuwa umejifunika mawingu.

Mke wangu ni mtu wa pwani. Kila mwaka tukifika Segera huniuliza ni kwa nini ninyi watu lazima mpande wote siku moja. Humjibu kwamba hata Yusufu alirudi kwao. Naye hunikumbusha kwamba Yusufu aliamriwa na Kaisari Augusto. Wewe umeamriwa na nani? Hapo huwa naongeza sauti ya redio.

Ibada ya mkesha nilisinzia, tuyaache hayo. Cha moto kilikuwa asubuhi ya tarehe 25, baada ya ibada, pale nje chini ya mti, kwenye mnada wa sadaka za vitu. Ambaye hajawahi kuhudhuria mnada wa kanisa la kijijini mwezi wa Desemba asidhani anajua biashara. Anayeuendesha ni mzee wa kanisa mwenye koo la mpiga debe, na anatujua sote kwa magari yetu. Mkungu wa ndizi unaouzwa elfu kumi sokoni unaanzia elfu ishirini "kwa ajili ya wageni wetu kutoka Dar." Trei ya mayai ilinunuliwa, ikarudishwa kama zawadi kwa kwaya, ikanadiwa tena. Yakavunjika mawili, na bei ikapanda.

Kisha akainuliwa jogoo. Nilimtambua mara moja. Ni yule mwekundu wa Mama, aliyeniamsha saa kumi alfajiri akiwa amesimama dirishani kwangu kama mdai. Mtu mmoja akasema thelathini. Mwingine thelathini na tano. Mama hakusema neno. Aligeuka tu, akanitazama mara moja, akarudisha uso mbele na kutengeneza kitenge chake vizuri begani.

"Sitini!" Nilisikia sauti ikisema, nikagundua ni yangu.

Nikamtoa jogoo pale akiwa amening'inia kichwa chini. Nilikuwa nimekwisha kuanza kumpangia sufuria, Mama akanifikia. "Mpeleke kwa mchungaji." Basi kipengele cha kumi na mbili cha bajeti kikawa kimepata mlipaji. Nilijifariji kwamba angalau nitalala. Nyumba ya mchungaji iko hatua hamsini kutoka dirishani kwangu.

Saa nane nyama ikaiva. Kisusio, ile supu yetu, kilikuwa kwenye sufuria kubwa, na Mama hakigusi kwa sababu ya damu iliyomo. Anakutajia Matendo ya Mitume sura ya 15 hata kama hujamuuliza. Baba mdogo anakinywa vikombe viwili na kumwambia kwamba barua ile waliandikiwa watu wa Antiokia. Mjadala huo una umri wangu.

Lakini kwetu hakitiwi kitu mdomoni kabla ya Luka 2, mstari wa kwanza hadi wa ishirini, kila mjukuu mstari wake, kuanzia mdogo. Spika ya shemeji, kipengele cha saba, ilizimwa ghafla. Watoto wetu wanasoma shule za Kiingereza. Mstari wa pili tu, palipo na Kirenio, tulikaa dakika tano.

"Bibi, liwali ni nini?"

"Ni kama mkuu wa mkoa," akasema kaka.

"Mkuu wa wilaya," akasema shemeji.

"Shamu yote hiyo iwe wilaya?" akauliza baba mdogo, na mimi nikiangalia mafuta ya mbuzi yanavyoanza kuganda na kuwa meupe pembezoni mwa sinia.

Mstari wa saba ulimwangukia binti yangu. Akasoma kwa kidole mpaka kwenye hori, akakwama. Hori ni nini? Wakubwa tukatazamana. Kaka alianza kueleza kwa Kiingereza. Mama akafunga Biblia huku kidole chake kikibaki ndani, akainuka. "Njoo."

Banda la ng'ombe liko nyuma ya jiko. Wajukuu wote wakamfuata, nasi tukafuata kwa kuwa hakuna aliyethubutu kubaki peke yake na nyama. Ng'ombe alikuwa anatafuna vipande vya mgomba, mate yakichuruzika kwenye mbao za hori zilizolainika kwa kulambwa miaka na miaka. Inzi walikuwepo. Binti yangu akasogea mpaka karibu, akachungulia ndani, akaweka kiganja juu ya ubao na kukiondoa upesi.

"Humu?"

"Humo," akasema Mama.

"Na hakukuwa na godoro?"

"Majani."

Akatazama tena kwa muda mrefu kidogo, huku kiatu chake cha kulia, kipengele cha tano, kikizama polepole kwenye samadi mpaka kwenye kifungo. Nikafungua mdomo. Mama akanitazama, nikaufunga. Kisha akafungua Biblia pale pale bandani na kumwita mtoto wa mstari wa nane.