Heko kwa Mashine Isiyowaka

Kusifu kitu kinachofanya kazi hakuhitaji kipaji. Maji yakitoka bombani, hata mjinga hushukuru. Mimi leo naisifu mashine yangu ya kufyekea majani, kuukuu, ya petroli, ambayo imelala chini ya mwembe hapa Nyashimo na haijawahi kumwudhi mtu yeyote, isipokuwa mama watoto.

Ni mzee kuliko mkoa. Ilipofika hapa, Busega ilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza. Mwaka 2012 Mkoa wa Simiyu ukazaliwa, Nyashimo ikawa makao makuu ya wilaya mpya ya Busega, ofisi zikainuka, magari yenye namba za serikali yakaanza kupishana. Yenyewe haikushtuka. Serikali ilisogea, yenyewe ikabaki palepale, haiwaki.

Nasaba yake si ya kubeza. Mwaka 1971 huko Houston, Marekani, George Ballas, mtu aliyewahi kuendesha shule ya dansi, alikuwa akioshewa gari kwenye mtambo wenye brashi zinazozunguka. Akawaza: kama brashi hizi zinapita kila upenyo bila kuvunja kioo, kwa nini majani yaliyozunguka shina la mti yanishinde? Akachukua kopo la bisi, akalitoboa, akapitisha uzi wa kuvulia samaki, akalifunga kwenye mota. Uzi wa kuvulia! Sisi tunaoamka na harufu ya dagaa wa Ziwa Victoria tulikuwa na uzi huo miaka yote, tukawawekea sangara chambo, wala hatukuwaza kuwatishia nao majani.

Na kwa kuwa aliyeibuni alikuwa mtu wa dansi, sishangai kwamba kazi inayoiweza hasa ni kukusanya watu. Msukuma anajua: vyama vyetu vya ngoma, Bagika na Bagalu, vikishindana, ushindi unahesabiwa kwa wingi wa watazamaji. Kwa kipimo hicho mashine yangu haijapata mpinzani. Nikiitoa tu chini ya mwembe na kushika kamba, wapo. Wa bodaboda anazima pikipiki, mama wa vitumbua anasogeza beseni.

"Mwadila, mwalimu. Leo itawaka?"

"Mhola. Tunajaribu."

"Vuta choki kwanza."

"Usivute choki! Itakunywa mafuta."

Kila mmoja ana ugonjwa wake wa kuipa. Tukifungua plagi ikiwa mbichi, wanasema imezama mafuta. Ikiwa kavu, wanasema mafuta hayapandi. Tunailaza plagi kwenye chuma cha injini, tunavuta kamba, na cheche ndogo ya buluu inaruka. Hapo umati unashangilia kana kwamba kazi imekwisha. Kumbe cheche haijawahi kuwa tatizo. Ni sawa na mgonjwa anayesifiwa kwa mapigo ya moyo huku hawezi kuinuka kitandani.

Fundi wetu wa pikipiki, mtu hodari, aliitazama kabureta yake dakika nzima akitafuta bakuli na boya. Hakuna. Pikipiki husimama wima, kwa hiyo mafuta yake yanaweza kukaa bakulini; mashine hii huinamishwa, hulazwa ubavu, hugeuzwa, na bakuli lingemwagika. Badala yake ina kiwambo, kipande chembamba kama utando wa yai, kinachosukumwa na kuvutwa na pumzi za injini yenyewe, na kwa kutetema huko kinanyonya mafuta kutoka kwenye tangi. Ni ngoma ndogo, basi. Tofauti ni kwamba ngoma zetu tunazipasha moto ili ngozi ikaze zilie, na hii ngozi yake ikikaza ndiyo kifo chake. Yangu iliachiwa petroli ndani kiangazi kizima. Petroli ikapiga utando wa gundi, kiwambo kikakakamaa kama ngozi ya samaki aliyesahaulika juani.

Nani angenifundisha haya kama ingewaka? Mwenye mashine nzima anajua kuvuta kamba, basi. Mimi najua kuwa haina oili yake ya pembeni, kwamba lita 5 za petroli zinataka mililita 100 za oili kama imeandikwa 50 kwa 1, na kwamba ukiinywesha petroli tupu kama pikipiki pistoni inaungua na kung'ang'ania. Najua pia kwamba kwenye ekzosi kuna kiwavu kidogo, na kikizibwa na masizi injini inakosa pumzi. Nilikichoma kwenye jiko la mkaa hadi kikang'aa. Haikuwaka, lakini kiwavu kilipendeza.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, wenzangu hutoka na mafyekeo na kutoka jasho. Mimi huibeba mashine begani, naiweka katikati ya uwanja, nafungua plagi, naipuliza. Hadi nimeirudisha, uwanja umeshakuwa mweupe. Mwenyekiti hawezi kuandika kwamba sikuhudhuria.

Mama watoto anataka iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. "Baba Neema, majani yameshafika dirishani." Ni kweli, na mbuzi wamenenepa.

Nikiri doa moja. Siku moja iliwaka. Tulikuwa tumekichemsha kile kiwambo kwenye maji ya moto kikalegea kidogo, nikavuta kamba, ikanguruma, moshi ukatanda, kuku wakapotelea mtamani. Kwa dakika kama tatu ilifyeka mchicha, miche miwili ya mipapai na kamba ya kuanikia nguo pamoja na shuka lililokuwepo. Kisha ikazima. Watu wakaondoka kimyakimya, na kwa wiki mbili hakuna aliyekuja kunisalimia. Nashukuru haijarudia.

Wewe unayepita barabara ya Mwanza kwenda Musoma, ukikuta dukani kiwambo cha kabureta ya mashine ndogo, nichukulie kimoja, nitakurudishia hela yako. Shuka hapa Nyashimo, uliza mwalimu mwenye mbuzi. Wala usiharakishe.