Bendera ya Meli na Pasipoti ya Bibi

Ahadi ilitolewa kwa simu, usiku, kabla mtu yeyote nyumbani hajaulizwa. Mume wangu alikuwa akizungumza na mamake aliyeko Mombasa, nami niko jikoni nakanda unga, nikamsikia anasema, "Ukija kiangazi hiki, Mama, tutakupeleka Alaska kwa meli." Upande wa pili kukawa kimya. Kisha Bibi akauliza jambo moja tu: "Huko kuna barafu ya baharini?" Akajibiwa ipo. Tangu usiku ule jambo likawa halina kurudi nyuma.

Sisi tunakaa Kent, kusini ya Seattle, na meli za Alaska tumezizoea kama mtu wa Likoni alivyoizoea feri. Kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi Oktoba zinafunga gati Pier 66 na Pier 91, nyeupe, ghorofa juu ya ghorofa, zikificha nusu ya bahari. Kuzitazama hakuna kazi. Kuchagua moja ndiko kulikotuweka kwenye maneno kwa miezi miwili, na mlango wa friji ukajaa karatasi hata mpini hauonekani.

Kitinda mimba wetu alikuwa na miaka kumi na keshaamua. Alitaka Norwegian Bliss, kwa kuwa juu kabisa ya meli ile kuna njia ya vigari vya mashindano. Dadake alitaka meli yoyote, mradi chumba kiwe na roshani. Mume wangu alisimama na Holland America. Kampuni ile ilianzia Rotterdam mwaka 1873, ofisi zake kuu ziko hapa hapa Seattle, meli zake si kubwa kupita kiasi, na lile alilolirudia kila tukikaa kula: meli zake zinaingia Glacier Bay. Hilo lina uzito kweli. Glacier Bay ni hifadhi ya taifa, na hairuhusu zaidi ya meli mbili kubwa kwa siku, kwa hiyo si kila kampuni inapata nafasi. Zinazokosa huwapeleka abiria kwenye barafu nyingine, kama Hubbard, mto wa barafu wenye urefu unaozidi kilomita 120. Mume wangu alikuwa amesoma habari za ghuba ile mpaka zikamwingia. Watu wa nahodha George Vancouver walipopita mwaka 1794 walikuta ukuta wa barafu karibu na mahali ambapo leo ni mlango wa ghuba. John Muir alipofika mwaka 1879, barafu ilikuwa imekwisha kurudi nyuma makumi ya kilomita, na bahari imeingia ndani ikakaa. "Mama anataka barafu," alikuwa akisema. "Basi tumpeleke kwenye barafu yenyewe."

Mimi nilikuwa na kalamu. Nasema na yeyote anayefikiria safari hii: bei inayoandikwa kwa herufi kubwa siyo utakayolipa. Juu yake kuna bakshishi inayohesabiwa kwa kila mtu kwa kila siku, kuna vinywaji na intaneti, na kuna matembezi ya nchi kavu ambayo kwa watu watano yanaweza kuifikia nauli. Nilijifunza pia kwamba njia si moja. Meli nyingi zinazoondoka Seattle hupita nje ya kisiwa cha Vancouver, kwenye bahari kuu, na mawimbi huko si ya kuchezea. Zinazoondoka mji wa Vancouver hupita ndani, katikati ya visiwa, maji yametulia. Bibi ana miaka sabini na nne. Nilimtakia maji yaliyotulia.

Ila Vancouver ni Kanada. Pasipoti ya Bibi ni ya Kenya, na viza iliyomo ni ya Marekani peke yake. Hilo tulilijua sote, ndiyo maana tukaamua: tuondoke Seattle, turudi Seattle, Kanada tusiiguse. Jirani yetu alikuwa amekwenda hivyo hivyo mwaka 2021 na akatuthibitishia kwa kiapo. Seattle, Alaska, Seattle, basi. Tukalipa arbuni ya watu watano. Bibi akafika mwezi wa Aprili na masanduku mawili, moja lake na moja la mahamri, achari na ndimu za kukausha.

Wiki saba kabla ya safari nilikaa mezani kujaza majina ya abiria. Mbaazi zilikuwa jikoni, tui la kwanza sijalitia bado. Nikaipitia ratiba yote, bandari moja baada ya nyingine, na chini kabisa, jioni ya mwisho, nikaona Victoria, British Columbia: Kanada. Meli inaingia saa mbili usiku na kuondoka saa sita. Nikampigia wakala simu. Nikamweleza kwamba mama yetu hana haja na Victoria, atabaki chumbani amelala. Akaniambia bila viza ya Kanada hatapandishwa melini Seattle, ashuke Victoria asishuke. Mbaazi ziliungua. Harufu ile ndiyo iliyomleta mume wangu jikoni, nikamwonyesha ule mstari.

Chanzo cha kituo kile cha Victoria ni sheria ya mwaka 1886. Bunge la Marekani lilikataza meli ya bendera ya kigeni kuchukua abiria kutoka bandari moja ya Marekani na kuwashusha nyingine, na mzunguko kama wetu haukubaliki mpaka meli itie nanga nchi nyingine njiani. Na hizi meli kubwa, ambazo ofisi zake ziko Miami au Seattle na abiria wake wengi ni Wamarekani, karibu zote zinapeperusha bendera za Bahamas, Panama, Malta, Bermuda au Uholanzi. Zile saa nne za Victoria usiku, maduka mengi yamefungwa, ni za kuitimiza sheria. Jirani naye alisema kweli tupu. Mwaka 2021 Kanada ilikuwa imefunga bandari zake kwa ajili ya korona, na Bunge likapitisha sheria ya muda ili meli za Alaska ziende bila kupita Kanada. Alisafiri katika ule upenyo. Sisi tulikuta umefungwa.

Wiki saba hazikutosha kwa viza, pamoja na fomu, alama za vidole na pasipoti kwenda na kurudi. Arbuni ilikuwa haina kurudishwa. Siku tatu nyumba yetu haikukalika. Mume wangu aliniuliza kwa nini sikuisoma ratiba mwanzo, mimi nikamuuliza nani aliyetoa ahadi kwa simu. Usiku wa tatu nikatamka neno ambalo mpaka leo linaniuma: labda sisi twende, Bibi abaki kwa jirani siku saba. Binti yangu akainuka mezani akaenda chumbani. Nilipogeuka, Bibi alikuwa amesimama mlangoni, tasbihi mkononi.

Hakunilaumu. Alivuta kiti, akakaa, akasema, "Hebu nambieni, hiyo meli ina bendera ya wapi?"

Mume wangu akamwambia.

"Basi mbona mnagombana? Baba yenu alifanya kazi miaka kumi na mitano kwenye meli ya Mgiriki, bendera ya Liberia, na Liberia yenyewe hakupata kuikanyaga. Mwenye meli ni mwingine, bendera nyingine, na sheria hufuata bendera. Mke wa baharia hajui hilo?" Akamgeukia mwanawe. "Hawa Wamarekani hawana meli ya bendera yao wenyewe?"

Kisha, kwa mara ya kwanza, akatueleza kwa nini anaitaka barafu. Marehemu mumewe aliwahi kupita pwani ya Newfoundland wakati wa machipuko, na aliporudi Mombasa alisimulia mlima wa barafu unaoelea baharini, mkubwa kuliko msikiti. Hilo Bibi alilikubali. Alilolikataa ni pale mumewe aliposema kwamba barafu ile haina chumvi, maana waliokota kipande wakakitia kwenye chai. "Nikamwambia, wewe, kitu kitoke baharini kikose chumvi? Acha kunifanya mtoto. Tulibishana miaka. Akafa hajanishinda wala sijamshinda."

Mume wangu alikuwa hajawahi kuisikia habari hiyo. Alinyamaza, akachukua kikombe cha mamake akakijaza chai tena ingawa hakikuwa kimeisha.

Binti yetu ndiye aliyeipata meli. Tangu mwaka 1963 jimbo la Alaska lina vyombo vyake lenyewe, Alaska Marine Highway, vinavyobeba watu na magari kati ya miji ya pwani, kwa kuwa mingi ya miji ile haina barabara ya kuifikia. Hata Juneau, mji mkuu, huwezi kuufikia kwa gari. Kimoja kati ya vyombo hivyo, Columbia, huondoka Bellingham, mwendo wa saa mbili na nusu hivi kaskazini ya kwetu, Ijumaa jioni. Kimeundwa Seattle, kimeanza kazi mwaka 1974, bendera ni ya Marekani. Kinapita kwenye maji ya Kanada bila kutia nanga, na kituo cha kwanza ni Ketchikan, Alaska.

"Lakini Mama, hiyo si meli ya starehe," mume wangu akasema. "Ni feri."

"Ala! Feri siijui mimi?"

Chumba kilichobaki kilikuwa kimoja, cha vitanda vinne. Mume wangu akalala sitaha ya juu, kwenye sehemu iliyoezekwa kwa vioo na kuachwa wazi upande wa nyuma, ambako kuna viti vya kulalia na taa za kutoa joto. Vijana waliokuwa karibu naye walisimamisha mahema na kuyabandika kwenye chuma cha sitaha kwa utepe wa gundi, maana kigingi hakina pa kuingia. Mkahawa ulikuwepo, na mahali pa kupasha chakula, kwa hiyo tulikula mbaazi zetu na mahamri huku misitu ikipita dirishani, visiwa na visiwa, mvi za ukungu zikining'inia kwenye miti. Kuna mahali visiwa vilituacha wazi kwa bahari kuu, saa chache, na hapo mimi ndiye niliyelala na mfuko mkononi. Bibi alikuwa juu akitazama.

Alinisumbua kwa kibla, na nilifurahi kusumbuliwa. Upande ule wa dunia kibla karibu ni kaskazini kabisa, kwa sababu njia fupi ya kwenda Makka inapita juu, karibu na ncha ya dunia. Meli ilikuwa ikielekea kaskazini magharibi, kwa hiyo msala wake ulikaa mshazari, kuelekea omo, kulia kidogo. Kila meli ilipopinda kukwepa kisiwa, alimwuliza mjukuu wake, naye kwa dira ya simu akamsogezea msala. Yule mtoto wa vigari vya mashindano alishika kazi ile safari nzima na hakuachia mtu.

Ketchikan ilitupokea kwa mvua, kama inavyopokea karibu kila mtu. Wrangell tulishuka kidogo. Baada ya hapo meli ikaingia kwenye Wrangell Narrows, mlango mwembamba hata ukadhani matawi yatagusa chuma, maboya na taa mbele yetu nyekundu na kijani, nahodha akipinda kushoto, akipinda kulia. Watu wote walitoka nje wakanyamaza.

Mwisho wa mlango ule ni Petersburg, mji wa wavuvi. Mnorwe Peter Buschmann aliuanzisha mwishoni mwa miaka ya 1890, na sababu moja ya kupachagua ilikuwa barafu: vipande vinavyokatika kwenye barafu ya LeConte, iliyo jirani, huelea hadi karibu, wakavitumia kuhifadhia samaki. Jioni ile, jua bado liko juu, tulishuka gatini kunyoosha miguu. Kijana mmoja alikuwa akisafisha mashua yake, na ndani ya sanduku, kati ya samaki, kulikuwa na kipande cha barafu kisichofanana na ya friji. Kilikuwa angavu kama kioo, na mapovu madogo ndani yake. Binti yangu akamweleza kijana yule kwamba bibi yake ametoka mbali. Akachukua shoka, akavunja pembe safi, akaiosha kwa maji ya mfereji, akampa kwa mikono miwili.

Barafu hiyo hutokana na theluji iliyoanguka milimani na kushindiliwa miaka mingi kabla ya kuteremka baharini. Nilikuwa nimeyasoma hayo, lakini sikuyasema.

Bibi alisema bismillahi, akaweka kipande ulimini. Alikaa nacho muda mrefu, macho kwenye maji. Mume wangu alikuwa amesimama kando yake, hakumshika.

"Haina," akasema.

Kilichobaki alikifunga kwenye pindo la leso, pale pale anapofunga pesa akienda sokoni, akapanda nacho melini. Usiku huo tulivuka Frederick Sound, nyangumi wakipumua gizani tusiwaone. Alfajiri tulipofika Juneau, pindo la leso lilikuwa maji matupu. Hakulikamua.