Sulhu ya Masjalani

Katika masjala yetu hapa Dar es Salaam, karani aliye karibu nami kuliko wote ni Mnyamwezi mmoja ambaye, tangu tujuane, hakuwa amepata kunipa hata neno moja la heshima. Mimi ni Mzaramo, naye ni mtani wangu. Na utani huu, kama wazee wanavyousimulia, ulizaliwa zama za misafara, mababu zake walipokuwa wakishuka kutoka Unyamwezi na pembe za ndovu mabegani, wakipita katika nchi yetu kuelekea pwani. Hivyo kila asubuhi yeye hustaajabu kwa sauti kuu kwamba sijafa, nami humuuliza kama ameshautua mzigo wa babu yake. Baina ya tusi na tusi, yeye ameyajua madeni yangu yote, nami maradhi ya mama yake. Nilipofiwa na shangazi, alituwahi makaburini, akajitosa ndani ya kaburi, akalala chali na kuapa kwamba hatoki mpaka alipwe; tukachanga, huku waliokuwa wakilia wakifuta machozi ya kicheko.

Ndipo tukaletewa mkuu mpya kutoka ng'ambo, muungwana aliyekisoma Kiswahili vitabuni kwa bidii, ambaye siku ya tatu alimsikia mtani wangu akiuliza bei ya sanda yangu. Alighadhibika, akatuita kwa barua yenye muhuri, akaandaa chai na maandazi, akaamuru kila mmoja ataje jambo jema la mwenzake. Mnyamwezi alitafakari muda mrefu, jasho likamtiririka, hatimaye akasema kwamba nina mwandiko mzuri. Wallahi, hapo ndipo nilipohisi nimetukanwa.

Mhasibu akamfafanulia mkuu desturi yetu, naye akafurahi kupita kiasi, jambo ambalo, kwa mtu mwenye cheo, lina hatari kubwa kuliko ghadhabu. Kesho yake asubuhi, akitamani naye aingie katika undugu huo, alimkabili tarishi wetu, mzee wa mvi na staha ambaye hata mkurugenzi humwamkia, akamwita mwizi wa kuku mbele ya wageni. Sasa utani hurithiwa. Mtu hajipachiki utani kama kilemba cha kuazima. Mzee alivua kofia yake ya kazi, akaiweka juu ya meza taratibu, akaomba apewe nauli ya kurudi kwao.

Ikawa sisi tuliopatanishwa juzi ndio wapatanishi wa leo, na maandazi yakaagizwa tena. Mkuu alitaka radhi kwa unyenyekevu mkubwa na kutoa pesa, lakini mzee akazikataa, akisema kwamba maadamu kuku ndiye aliyetajwa, basi kuku na aletwe. Kabla ya adhuhuri akaletwa jogoo mzima mwenye afya, akafungwa kwenye mguu wa kabati la majalada kungojea saa ya kutoka kazini. Na kila simu ya mkuu ilipolia, jogoo aliwika kwanza, ndipo mkuu akapokea.