Kofi la Dakshineswar

Shavu la kushoto bado linawaka moto. Kima aliyenizaba kofi alikwenda kukaa juu ya ukuta, mkia ukining'inia kama kamba ya kisima, akaanza kula peda zangu moja moja bila haraka. Kila alipomaliza moja alinitupia jicho, ahakikishe naona. Mimi nilikuwa nimesimama pekupeku, nimekumbatia kikapu cha mianzi ambamo lilibaki shada la maua mekundu lililochanika na vijiti vya udi. Mbele yangu ukoo mzima nisioujua, kuanzia babu mwenye mkongojo hadi mtoto wa kubebwa, ulikuwa ukicheka huku umeshikana mabega usianguke.

Kisha babu akaacha kucheka, akanijia, akainamisha kichwa, akanipa hongera.

Hapo hasira yangu ikakosa pa kwenda. Nimepigwa mbele ya kadamnasi, nimeporwa mchana kweupe, na kwa desturi ya mahali pale nimebarikiwa! Kima yule wa kijivu mwenye uso mweusi anahesabiwa kuwa wa ukoo wa Hanuman, jemadari wa kima aliyemsaidia Rama kumkomboa mkewe Sita kutoka Lanka. Inasimuliwa kwamba maadui walimfunga Hanuman matambara mkiani wakayatia moto, naye akarukaruka juu ya mapaa akauteketeza mji wao. Katika kuuzima mkia wake akaungua uso na viganja, ndiyo maana wajukuu zake ni weusi sehemu hizo hadi leo. Kiganja hicho nimekiona kwa karibu kuliko watu wengi. Ni cheusi kweli, kirefu, tena kikavu.

Mama mwenyeji wangu alinishika kidevu, akaligeuza shavu kwenye mwanga, akalikagua. Nilitarajia pole. "Mwanangu," akasema, na sauti ilikuwa na wivu usiofichika, "mimi nakuja hapa tangu niolewe, na hajawahi hata kunigusa."

Ukubwa wa hasara hautaeleweka mpaka nieleze kikapu. Dakshineswar iko kaskazini mwa Kolkata, ukingo wa mashariki wa mto Hooghly, ambao ni tawi la Ganga. Hekalu ni la mungu wa kike Kali, anayeitwa hapa Bhavatarini, na haliingiliki na viatu. Basi njia ya kwenda getini imejipanga vibanda vya wauza sadaka, na kila kibanda kinakuita uje uache viatu bure. Bure! Unavua ndala kwa furaha, na unapoinuka unakuta umeshakabidhiwa kikapu: shada la haibiskasi nyekundu, ua ambalo Wabengali humpelekea Kali kuliko jingine lolote, vijiti vya udi, poda nyekundu ya kupaka kwenye paji la uso, na peda, vile vitamu vya maziwa na sukari ambavyo ni binamu wa barfi. Bei hutajwa baadaye. Kubishana huwezi, maana mateka wako yuko chini ya meza. Nimezoea wapiga debe na wachuuzi wa Kariakoo, lakini kwa hawa Kariakoo ingekuja kusoma. Hakuna anayelazimishwa wala kudanganywa. Viatu vinatunzwa bure kabisa kama ilivyoahidiwa, na kila mtu anaondoka peku akiwa amelipa.

Kikapu hupelekwa kwa kuhani, yeye hukinyanyua kwa mungu, kisha hukurudishia sehemu, nawe unaila kama chakula kilichobarikiwa. Tatizo ni kwamba kati ya kibanda na kuhani kuna miti.

Kima wanaokaa kwenye miti hiyo ni jamaa wa mbega wetu, wale weusi kwa weupe wa misitu ya Kilimanjaro. Kwa asili ni wala majani. Tumbo lao limegawanyika vyumba, na humo vijidudu huyachachusha majani polepole mpaka nyuzinyuzi ngumu, ambazo wewe na mimi tungezipitisha kama zilivyo, zigeuke chakula. Ni kazi ile ile inayofanyika tumboni mwa ng'ombe, ingawa kima na ng'ombe kila mmoja aliigundua kwa njia yake. Maumbile yalitumia mamilioni ya miaka kuunda mtambo wa kusaga majani, na leo mtambo huo unaendeshwa kwa peda. Si hayo tu. Wataalamu wa tabia za wanyama waliwahi kuwafuatilia kima hawa hawa wa Dakshineswar na kuandika jinsi wanavyoomba. Mwingine hukaa tu akakukodolea macho. Mwingine hunyoosha mkono. Mwingine hushika upindo wa nguo yako, asikuachie mpaka utoe. Nilipoyasoma hayo usiku ule nilivutiwa hata nikasahau shavu. Kushika upindo wa nguo! Hiyo ni adabu, tena adabu ya watu wazima. Kumbe kuna hatua, kuna utaratibu, na wenzangu wote waliombwa. Mimi nilirukishwa hatua zote, nikaanziwa kwenye kofi. Nani aliamua kwamba sistahili kuombwa kwanza?

Niliingia hivyo hivyo, na kikapu changu cha msiba.

Hekalu lenyewe ni kubwa, lina minara tisa na linapita mita 30 kwenda juu. Upande wa mto limepakana na safu ya mahekalu madogo 12 ya Shiva. Ua wa katikati umesakafiwa, na jua la pale halina dini. Waumini wazoefu hutembea juu ya sakafu ile kwa utulivu wakisoma dua. Mimi niliuvuka ua kwa mruko ambao mtoto mmoja aliuiga papo hapo, vizuri tu.

Nikamfikia Kali. Ni mdogo kuliko nilivyotegemea, hafiki mita moja, wa jiwe jeusi tii, amezama ndani ya maua na vito. Amesimama juu ya kifua cha mumewe Shiva, aliyechongwa kwa marumaru nyeupe, na chini yao kuna yungiyungi la fedha. Ulimi uko nje. Nilidhani ni wa kutisha watu, lakini Wabengali wana maelezo mengine. Kali alikuwa amelewa vita, anacheza ngoma ya kuangamiza, ulimwengu ukaanza kutetemeka, na hakuna aliyethubutu kumzuia. Shiva akaenda kulala njiani kwake. Kali akamkanyaga, akatazama chini, akaona ni mume, akang'ata ulimi kwa haya, kama wanavyong'ata wanawake wa Bengali hadi leo wanapofedheheka. Kwa hiyo nilikuwa nimekuja pahali penyewe. Huyu alifumaniwa katikati ya fedheha yake, na badala ya kumcheka walimjengea minara tisa.

Ukishafika mbele yake hupewi muda. Kuhani alilitwaa shada langu, akakitazama kikapu, akanitazama shavu, akaelewa kila kitu, akaniashiria nisogee. Ndipo, huku nasukumwa na mgongo wa mtu, nikapiga hesabu. Katika tukio zima la siku ile weusi tulikuwa watatu. Mmoja yumo ndani, anaitwa Mama, anasujudiwa. Wa pili yuko ukutani, anaitwa mjukuu wa Hanuman, anakula peda. Wa tatu ndiye aliyezilipia.

Na huko nje ndipo wa tatu alipolipa zaidi. Watu wamesharudishiwa simu walizoziacha kabla ya kuingia, kila mtu anataka picha, si pamoja nami bali yangu, kama vile nami ni sehemu ya jengo. Kijana mmoja aliyevaa vizuri alinipitisha kidole kwenye mkono, kisha akakitazama kidole. Sikutunga hilo. Alikitazama kidole chake kuona kama nimemwachia rangi, paji la uso wake mwenyewe likiwa na poda nyekundu aliyotoka kupakwa kwa mungu mweusi. Pale kwenye duka la pembeni, chini ya picha ya Kali yenye shada bichi, zilipangwa krimu za kung'arisha ngozi. Matangazo ya kutafuta wachumba magazetini bado humtaja bibi harusi kwa weupe wake. Najua, nasi kwetu mkorogo unauzwa na wanawake wanachubuka mpaka vidole vinawasaliti. Lakini sisi angalau hatumwambii mweusi "Mama, niokoe" saa nne, kisha saa tano tukampangusa mgeni kwa kidole.

Mwenye hekalu angenielewa. Rani Rashmoni, mjane tajiri wa Kolkata, ndiye aliyelijenga. Inasimuliwa kwamba mwaka 1847 alikuwa amekwisha andaa msafara wa mashua kwenda kuhiji Varanasi, Kali akamtokea ndotoni akamwambia abaki, amjengee hapa hapa kando ya mto. Sehemu ya kiwanja alichonunua ilikuwa makaburi ya zamani ya Waislamu. Na hakuwa wa kuchezewa: Kampuni ya Waingereza ilipowatoza kodi wavuvi wa Hooghly, alikodi kipande cha mto kwa pesa zake, akakifunga kwa minyororo, meli zikasimama, kodi ikafutwa. Lakini hekalu lilipokaribia kukamilika, mama huyo aliyewashinda Waingereza akakosa kuhani. Tabaka lake lilihesabiwa la chini, na Wabrahmini, tabaka la makuhani, hawangeweza kula chakula kilichopikwa na kutolewa kwa jina lake. Ufumbuzi ulitoka kwa mwanazuoni maskini, Ramkumar: mama alitoe hekalu zawadi kwa Mbrahmini, huyo amsimike mungu, chakula kitakuwa safi. Pesa zake, ndoto yake, minyororo yake, na ili aruhusiwe kumlisha mungu aliyemwita kwa jina ilibidi mlango uwe wa mtu mwingine. Likafunguliwa tarehe 31 Mei 1855. Ramkumar akawa kuhani, akamleta mdogo wake, ambaye dunia sasa inamjua kwa jina la Ramakrishna.

Viatu nilivikuta. Chai ya kikombe cha udongo iliniunguza ulimi, nikautoa nje upoe, na mama mwenyeji akapiga makofi: sasa wewe na Kali mmefanana kabisa!

Nilitaka picha ya Kali ya kutundika sebuleni. Muuzaji alinitandazia zote alizonazo: Kali wa buluu ya bahari, wa buluu ya anga, mmoja karibu na zambarau. Nikamwuliza yuko wapi mwenye rangi ya yule aliye ndani. Akanitazama, akazitazama picha, akanitazama tena. Akasema weusi hawanunuliwi sana, lakini kwa kuwa ni mimi atanitafutia mmoja, na bei itakuwa juu kidogo.