Ombi la Mwenye Fotokopi kwa Msajili wa Mahakama ya Rufaa ya Kenya

Mheshimiwa Msajili,

Mimi ni mwenye kibanda cha fotokopi, hatua chache kutoka mahakamani. Nakuomba jambo moja tu: msiwakazie mawakili wa rufaa za uchaguzi wanaochelewesha karatasi. Mtanikatia riziki.

Sheria naijua, maana nimeitoa nakala mara nyingi kuliko wao walivyoisoma. Mahakama Kuu ikishaamua kesi ya kiti cha mbunge, asiyeridhika ana siku 7 za kuwasilisha notisi na siku 30 za kuleta rufaa yenyewe. Nanyi mna miezi 6 ya kuimaliza. Siku 30! Mtu anapeleka posa, anaoa, anarudi kutoka fungate. Wakili wangu, yeye humtuma karani siku ya 30, saa nane na nusu mchana. Kijana anahema, flashi mkononi, sanduku la karatasi begani. "Mzee, nakala nane, haraka!" Namwuliza ukurasa wa 412 uko wapi. Hajui. Tunausaka chini ya meza, kumbe ndio uliobeba sahihi ya jaji. Hapo ndipo stima inapopotea.

Kabla ya siku ya 20 natoza shilingi 5 kwa ukurasa. Siku ya 30 ni 20, na hakuna anayebishana.

Nikipanga kurasa huwa nasoma kidogo, unisamehe. Mlalamishi anaapa kwamba Fomu 35A, zile za matokeo ya vituo vya kura, zilichelewa kufika kituo cha kujumlisha kura, na kwamba uzembe huo unatosha kufuta uchaguzi mzima. Anayaapa hayo ndani ya kitabu cha rufaa ambacho chenyewe kitafika masijala siku ya 31.

Wenzenu wa Mahakama ya Upeo hawana huruma kabisa. Mwaka 2013 walikataa hati ya kiapo ya ziada ya Raila Odinga katika kesi ya urais, mamia ya kurasa, kwa kuwa ilikuja nje ya muda. Aliyezitoa nakala zile natumaini alilipwa kwanza. Mwaka 2014 wakamwambia Nicholas Salat, aliyechelewa na rufaa yake ya uchaguzi, kwamba kuongezewa muda si haki ya mtu, ni hisani kwa anayestahili, naye aeleze kilichomchelewesha. Aeleze! Tutafika wapi?

Bahati nzuri kuna Kifungu cha 159 cha Katiba, kile kisichotaka haki inyongwe na ufundi wa taratibu. Kila mchelewaji hukikimbilia kama mgonjwa kwa mganga. Nakala zake naziweka tayari kwenye droo, karibu na stepla.

Mlipoleta mtindo wa kuwasilisha hati kwa mtandao nilidhani nimekwisha. Wapi! Sasa wananiletea niskani usiku. Kwa hiyo naomba siku zihesabiwe kwa saa zetu za Kiswahili: saa saba usiku bado hakujakucha, basi siku ya 30 haijaisha.

Waliopanga mlolongo tangu alfajiri kupiga kura wasikusumbue. Wao wanangoja kuambiwa nani alishinda kwa haki, na hawajui kwamba jibu lilikwama kwenye mashine yangu likingoja wino. Shilingi 500,000 anazoweka mlalamishi kuwa dhamana ya gharama za kesi si zao.

Ningeandika zaidi, lakini kuna kijana mlangoni anahema, na saa ni kumi kasorobo.

Wako mtiifu,
Mwenye Fotokopi