Mjomba, Huku Wanakula Dhahabu

Kanazawa, Japani



Mjomba, barua hii ni yako na ya wote wa Nyarugusu yetu ya Geita, pamoja na Mama Mkubwa na vitumbua vyake. Mimi huku sijambo, ila nimelowa. Habari za kulowa zinakuja.

Uliniagiza nikuandikie watu wa huku wanakula nini, maana unasema kwenye simu nakujibu "vyakula tu" kisha salio linakwisha. Basi tafuta kigoda ukae. Wanakula dhahabu.

Rudia kusoma ukitaka, maandishi hayatabadilika. Dhahabu hii hii unayoifuata chini ya duara la mgodi kwa kamba na tochi kichwani, huku wanaitandika juu ya koni ya aiskrimu, na mtoto wa shule anailamba macho yakiwa kwenye simu. Kuna mtaa unaitwa Higashi Chaya, wa nyumba za chai za mbao zilizoanza mwaka 1820, na mchana wote una foleni ya watu wanaongoja zamu ya kulamba. Muuzaji anabana utando mmoja wa dhahabu kwa kibanio, anaulaza juu ya aiskrimu taratibu mno, anainama kukushukuru, unalipa karibu yeni 1,000, basi. Ladha? Haina. Miaka yote hiyo uliyokuwa ukiing'ata kwa jino kuipima, hakuna utamu uliokupita. Kazi yake kubwa ni kung'ang'ania mdomoni, hivyo watu wanatoka pale na masharubu ya dhahabu, wazee kwa vijana, na hakuna anayemcheka mwenzake.

Najua hapo ulipo umeshashika kalamu. Tulia, hesabu nimekupigia. Utando ni mraba wa karibu sentimita 11 kila upande, na unene wake ni sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Uzito unakuja kama gramu 0.02. Yaani uzikusanye tando zaidi ya 40 ndipo ufikishe gramu moja.

Na swali lako la pili, lile utakalouliza kwa sauti ya chini Mama Mkubwa asisikie: ikishaliwa inakwenda wapi? Inakwenda huko huko. Tumbo haliiwezi, inaingia dhahabu inatoka dhahabu. Lakini usianze kutafuta nauli ya kuja na karai, kuna waliokutangulia. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba mtambo wa majitaka wa Suwa, mkoa wa Nagano, umekuta gramu 1,890 za dhahabu katika tani moja ya majivu ya tope lililochomwa. Wewe tani ya mawe ikikupa gramu 10 unachinja mbuzi! Kweli, sababu haikuwa aiskrimu, ni viwanda vya jirani vinavyotumia dhahabu kwenye vifaa vyao. Hata hivyo niliona haki yako kujua kwamba duniani kuna watu wanachenjua majivu ya choo mchana kweupe, kwa kibali.

Sasa hapa Kanazawa kinachonishangaza zaidi ni hiki: karibu tando zote za dhahabu za Japani, asilimia 99, zinatengenezwa mji huu, na mgodi hawana. Hata duara moja. Dhahabu yenyewe wanainunua, wao wanauza mikono. Wanaiyeyusha pamoja na fedha kidogo na shaba kidogo, wanaipitisha kwenye mashine ya kubana, wanaikata vipande, wanavipanga katikati ya karatasi maalumu, halafu kinachofuata ni kupiga. Zamani walipiga kwa nyundo, siku hizi ni mashine, lakini macho na masikio bado ni ya fundi. Dhahabu ya ukubwa wa sarafu ya yeni 10 inapigwa mpaka inatosha kutandika mkeka mzima wa chumbani. Ikifika hapo mkono wa mtu hauruhusiwi tena kuigusa. Mafundi wanaihamisha kwa vibanio vya mianzi na kuinyoosha kwa pumzi, pumzi moja fupi katikati ya utando, nao unalala. Nilikaa pale nikiwa nimebana chafya mpaka machozi yakanitoka.

Hata zile karatasi za kupigia hazitupwi. Watu waligundua zamani kwamba zinafyonza mafuta ya uso vizuri, akina dada wa nyumba za chai wakawa wanajifutia, na leo zinauzwa kwenye vipakiti vyenye maua. Kwetu mabaki ya mwaloni, tunakochenjulia dhahabu, tunagombania mpaka tunapelekana kwa mtendaji, huku mabaki yamekuwa vipodozi.

Wenyewe wana hadithi ya mkulima wao wa kale, Togoro, aliyekuwa akichimba viazi vikuu na kuviosha kwenye chemchemi. Alikuwa maskini lakini ameoa binti wa tajiri. Siku moja akachukua dhahabu iliyotoka ukweni akawarushia ndege shambani. Mke akaja juu. Togoro akamwambia, vitu hivi mbona vimejaa kwenye mizizi ya viazi vyangu? Chemchemi inaonyeshwa mpaka leo kando ya bustani ya Kenrokuen, imejengewa kibanda, na watu wanapiga picha. Nilichungulia kwa niaba yako. Hakuna kitu.

Baadaye mashogun, watawala wa kijeshi wa Japani ya zamani, walizuia kupiga tando za dhahabu nje ya miji michache waliyoichagua, mafundi wa huku wakaendelea kwa siri. Hapo Mjomba nilijisikia nyumbani kabisa.

Kuhusu kulowa: mji huu uko upande wa bahari unaopokea mvua na theluji bila mpango. Wenyeji wana msemo kwamba chakula cha mchana unaweza kusahau nyumbani, mwavuli usisahau. Mafundi wa dhahabu wanaifurahia hali hii, kwa sababu hewa kavu huleta umeme ule unaonatisha nywele kwenye kitana, nao hufanya tando zisishikike. Kwa hiyo mimi nalowa ili dhahabu itulie. Viatu vyangu havijakauka tangu Oktoba.

Mwambie Mama Mkubwa kwamba huku maharage ni kitafunwa cha chai. Yale madogo mekundu, yanachemshwa, yanapondwa na sukari, yanajazwa ndani ya kila kitu: ndani ya mkate, ndani ya keki, ndani ya donge la mchele. Najua pwani wapo wanaotia maharage sukari na nazi wakati wa futari, lakini mimi nimesoma bweni, mimi na maharage tuna kesi ya muda mrefu, na sikutarajia kukutana nayo hapa yakiwa yamevaa nguo za sherehe. Maana yamevishwa hasa. Kanazawa ni mmoja wa miji mitatu inayosifiwa Japani nzima kwa vitamutamu vya kienyeji, pamoja na Kyoto na Matsue. Mabwana wa ukoo wa Maeda walioutawala walikuwa matajiri wa mpunga na wapenzi wa chai, na chai yao ni ya unga wa kijani, chungu, inahitaji kitu cha kuilainisha. Kitamu unakula kwanza, chai inafuata. Ukichanganya hakuna atakayekukemea, wataugua tu kimoyomoyo.

Kuna duka linaitwa Morihachi, lilianza mwaka 1625. Wanauza rakugan, unga wa mchele na sukari uliokandamizwa kwenye vibao vya mbao vilivyochongwa maua, samaki, kasa, mapazia ya mvua. Wana chumba cha kuonyesha vibao vya zamani, vinazidi elfu moja, ukutani mpaka darini. Aliyechonga ilimbidi awaze kinyume: panapopaswa kutokea uvimbe, yeye achimbe shimo, na kushoto iwe kulia. Kisha kitu chenyewe kinaisha mdomoni kabla hujaamua kama umekipenda. Kinatolewa kipande kimoja. Kimoja, Mjomba, kwenye sahani kubwa. Mama Mkubwa akithubutu kumpa mteja kitumbua cha ukubwa ule, stendi nzima itahamia kwa mama wa jirani.

Ila kuna kimoja atakiheshimu. Duka la Tawaraya, la mwaka 1830, linauza asali nzito inayotokana na mchele na shayiri bila chembe ya sukari. Mwanzilishi aliitengeneza kwa ajili ya watoto wachanga ambao mama zao walikosa maziwa. Inauzwa kwenye chungu, unaizungushia kijiti. Katika vyote nilivyoonja hiki ndicho nimerudia bila kushawishiwa na mtu.

Soko lao linaitwa Omicho, lipo tangu mwaka 1721, vichochoro vimeezekwa, vibanda kama 170. Unakuta kaa, pweza, chaza, na wauzaji wana sauti za makondakta. Kupunguziwa bei hakupo. Nilijaribu, mama wa watu akanicheka kwa upole, akaniongezea limau. Novemba kaa wanapoanza, mji mzima hauzungumzi kingine. Dume la huku linafungwa lebo ya buluu kuthibitisha limevuliwa mkoa huu wa Ishikawa. Yaani wewe unafuatilia kitambulisho mwaka wa ngapi huu, kaa anapewa cha kwake siku aliyotoka majini.

Ile migahawa ambayo sahani za samaki wabichi zinapita mbele yako kwenye mkanda, jua kwamba karibu mikanda yote ya namna hiyo Japani inatengenezwa mkoa huu. Unachukua, unakula, sahani unaziweka moja juu ya nyingine, mwisho zinahesabiwa. Mlundo unabaki mezani ukikutazama. Kubishia bili hakuwezekani.

Siku za baridi kali nakimbilia mchuzi wa kari wa Kanazawa. Ni mzito, mweusi, umemwagwa juu ya wali mpaka wali hauonekani, juu yake nyama iliyokaangwa na chenga za mkate, pembeni kabichi mbichi iliyokatwa nyembamba, sahani ya bati, na unaliwa kwa uma! Katika nchi ya vijiti, uma. Wapishi wakubwa hawautaji mchuzi huu wakitaja fahari za mji, na mimi naona wanauonea. Mtu aliyekulia mgahawa wa stendi atauelewa siku ya kwanza.

Sasa hili usimsomee Mama Mkubwa. Kuna samaki anayejivimbisha, pwani wanamwita bunju, ana sumu ya kuua watu wazima, na mayai yake ni miongoni mwa sehemu zilizo hatari zaidi. Kwa kawaida Japani mayai yale ni marufuku kuyauza, lakini mkoa huu wana ruhusa: wanayatia chumvi karibu mwaka, kisha wanayazika kwenye pipa la pumba za mchele mwaka mwingine au zaidi, wanayapima, wanayauza. Sumu inakuwa imepungua, na wanasayansi bado wanajadiliana imekwenda wapi. Sijui nani alionja wa kwanza, wala kilichompata aliyeonja pipa la mwezi wa sita. Nilikula kipande chembamba na wali. Ni chumvi tupu, na ukimya wa watu wote mezani wanaokutazama.

Vyombo vya udongo na vitambaa vya kutia rangi sitakuchosha navyo, vipo vingi, na UNESCO iliuingiza mji huu kwenye orodha yake ya miji ya ubunifu mwaka 2009 kwa ajili ya kazi hizo. Bakuli za Wajima siwezi kuziruka. Wajima ni mji wa kaskazini, kwenye rasi ya Noto, mkoa huu huu. Bakuli la mbao linapakwa utomvu wa mti, linakauka, linasuguliwa, linapakwa tena, hatua zaidi ya 100, fundi huyu anamwachia yule. Tarehe 1 Januari 2024 tetemeko liliipiga Noto, na eneo la soko la asubuhi la Wajima likaungua. Miezi michache baadaye wachuuzi wake wakaja kutandika biashara hapa Kanazawa, bandarini, wakiwa na samaki wakavu na bakuli. Bei ya bakuli moja ni kodi yangu ya mwezi. Nililishika kwa mikono miwili, nikalirudisha kwa mikono miwili.

Kwa heshima hiyo nimempa mwanafunzi mwenzangu wa Mwanza, anayerudi likizo, bahasha na kiboksi. Vipakiti vya maua ni vya Mama Mkubwa, vya kufutia mafuta usoni anapokaanga. Asivitumie kukaushia vitumbua. Chungu cha Tawaraya ni cha watoto, wakufiche hata wewe.

Katikati ya karatasi mbili nyeupe kuna utando wa dhahabu, huo ni wako. Usiufungue penye feni. Usiuguse kwa kidole, utaganda kwenye kidole na huo ndio utakuwa mwisho wake. Usiupeleke soko la madini kuuliza bei, watakuuliza mwamba uliobaki uko wapi. Ukishindwa kabisa kujizuia, ule, lakini uwe juu ya kitumbua, na kitumbua ukilipie.

Mpwa wako,
mwenye viatu vibichi