Mteja Hatagusa Kitufe: Namna ya Kuiokoa Shingo Yake kwa Hila

Ndugu fundi, wewe unayeshona viti vya magari hapa Kolwezi, pale Manika au Dilala, kubali jambo moja kabla hatujashika mkasi: mteja wako haji kwako kwa ajili ya shingo yake. Anakuja kwa ajili ya ngozi nyeusi yenye uzi mwekundu. Anataka jina la mtoto wake lidariziwe mgongoni mwa kiti, na majirani wageuke gari likipita. Mto wa kichwa kwake ni pambo. Usibishane naye, wala usimhubirie. Mpe anachotaka, na humo ndani mfichie anachohitaji. Mimi na wewe tutakubaliana hapa kimyakimya namna ya kukificha.

Kwanza ujue unaficha nini. Kutoka Kolwezi hadi Lubumbashi, kupitia Fungurume na Likasi, ni kama kilomita 300 za kufuatana na malori: ya shaba, ya kobalti, ya chokaa, ya tindikali. Lori linasimama ghafla nyuma ya tuta, taa zake zimekufa. Hiace inakanyaga breki, na anayeifuata kwa nyuma hana tena nafasi ya kukanyaga zake. Hapo kiti kinausukuma mgongo wa abiria mbele, lakini kichwa chenye kilo nne hadi tano kinabaki kilipokuwa. Shingo inajikunja umbo la herufi S, halafu kichwa kinarushwa. Yote hayo huisha katika kama sehemu ya kumi ya sekunde, kabla mtu hajasema "Mungu wangu". Mto ulio nyuma ya kisogo unakipokea kichwa kabla shingo haijapinda. Mto ulioshushwa hadi chini ya shingo ni mbaya, maana kichwa kinapinduka juu yake.

Sasa sikia aibu ya wakubwa. Wazo la mto wa kichwa garini si la jana. Benjamin Katz wa Oakland, California, alipewa hataza yake miaka ya 1920. Tarehe 1 Januari 1969 Marekani ililazimisha magari mapya ya abiria yawe nao kwenye viti vya mbele, juu yake ifike inchi 27.5, yaani kama sentimita 70 kutoka nyongani. Viwanda vingi vikaweka mito ya kupandisha na kushusha. Mwaka 1982 mamlaka ya usalama barabarani ya huko ikapima matokeo. Mito iliyoungana na kiti, isiyosogea, ilipunguza majeraha ya kugongwa nyuma kwa asilimia 17. Ile ya kupandisha na kushusha ilipunguza kwa asilimia 10 tu. Tofauti ilitoka kwa watu: waliiacha chini kama ilivyotoka dukani. Watu wenye kitabu cha maelekezo ndani ya kila gari hawakugusa kitufe. Wewe unategemea nini kwa abiria anayekimbilia soko la Musompo kabla bei ya madini haijashuka?

Kwa hiyo sheria yako ya kazi ni moja: chora ukijua hakuna atakayegusa kitufe.

Hila ya kwanza: fanya chini kuwe juu. Kanuni namba 17 ya Umoja wa Mataifa kuhusu viti vya magari ilitaka kwa miaka mingi mto wa mbele ufike sentimita 80, na hata ukishushwa kabisa usiwe chini ya 75. Mketishe kijana wako wa karakana, weka futi nyongani, ipandishe kufuata mgongo. Kilele cha mto kikifika penye 75 ndipo meno ya bomba ya kuufungia yanapoanza. Chini ya hapo usichonge jino hata moja. Mteja akisukuma chini mto ukagoma, mwambie ndivyo magari ya kifahari yalivyo. Atafurahi, na wala hujasema uongo. Ukimtengenezea mto unaoweza kushuka hadi mabegani, atauteremsha ili aone nyuma vizuri, hataupandisha tena, na atauza gari ukiwa vilevile.

Hila ya pili ni nywele, na hapa keti kabisa, maana ndipo mafundi wengi wanaposhindwa.

Nchi hii ilijua mto wa kichwa kabla ya gari. Katika karne ya 19 wachongaji wa Kiluba hapa Katanga walitengeneza mito ya mbao inayobebwa na sanamu za watu, na mwenye nywele zilizosukwa kwa ustadi alilaza shingo juu yake usiku ili asubuhi nywele ziwe kama zilivyokuwa. Mmoja wao, wa upande wa Washankadi, jina lake halikuhifadhiwa. Wataalamu wa sanaa wanamwita Bingwa wa Nywele za Maporomoko, kwa sababu ya vichwa vya sanamu zake ambavyo nywele zinashuka ngazi kwa ngazi. Kazi zake leo zimo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Fundi huyo hakumkaripia mtu kwa kupenda nywele zake. Alizipima, akachonga kuzizunguka. Tofauti yetu naye ni mahali tu: mto wake ulikaa chini ya shingo ya mtu aliyelala, wetu lazima ukae nyuma ya kisogo cha mtu aliyeketi.

Basi mfuate. Mama aliyetoka kwa msusi jana hatakubali kisogo chake kigusane na ngozi bandia yenye jasho na vumbi. Atasogea mbele, au ataushusha mto, au atauchomoa autupe nyuma ya gari, na hapo kazi yako yote imekwisha. Fanya mambo mawili. Kwanza, sehemu ya chini ya mto, pale fundo la nywele linapoangukia, iache iwe na bonde la vidole vitatu, huku juu na pande zote mbili pakibaki pagumu. Fundo linaingia bondeni, kichwa kinabaki karibu na mto. Pili, mshonee kifuniko cha satini cha kuvaa na kuvua. Wanawake wetu wanajua satini haikwaruzi nywele. Wanalalia mto wa satini nyumbani. Mwambie, "Mama, hii ni ya kulinda nywele zako safari nzima." Satini yenyewe ishone upande wa juu tu wa mto, ili nywele zikutane nayo mto ukiwa umepanda. Ataupandisha mwenyewe. Na satini utaitoza bei yake kamili.

Hila ya tatu ni ya mabwana. Bwana mwenye Land Cruiser haketi, anajilaza. Kiti kimeegemea nyuma, mkono mmoja umenyooka juu ya usukani, kichwa kiko mbele peke yake kama cha kobe. Nafasi kati ya kisogo na mto inakuwa shubiri nzima, na inatakiwa isizidi sentimita 10. Watu wa Saab walilitazama tatizo hili mwaka 1997, Volvo mwaka 1998, kila mmoja akabuni kiti kinachopunguza nafasi hiyo mtu anapogongwa nyuma. Wewe huna kiwanda, lakini una mashine ya kupindia bomba. Pinda vyuma viwili vya mto kidogo kuelekea mbele, ili bwana akijilaza mto umfuate. Mwambie ni mto wa kipatroni. Atajaribu, ataona kichwa kimepata pa kukaa, hatajua umemnyoosha.

Na kama ni mrefu, anayehitaji meno ya juu? Darizi jina lake, au rangi nyeusi na nyeupe za klabu ya TP Mazembe, kwenye ukingo wa chini wa kitambaa cha mto, upande wa nyuma, mahali panapozama kitini mto ukishuka. Abiria wa nyuma hatalisoma jina mpaka mto upande. Sijaona bwana anayelipia jina kisha akaliacha limezikwa. Ila angalia pengo kati ya mto na mgongo wa kiti lisizidi sentimita 6.

Kwenye upana, usiwe bahili. Magari yetu mengi yamekuja na usukani wa kulia, na sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Shofa anayetaka kulipita lori la mbele anainama kuelekea katikati ya gari ili aone. Kichwa chake kimeshatoka nyuma ya mto mwembamba, na huo ndio wakati ambapo wa nyuma yake naye ameongeza mwendo. Sentimita 17 za upana ndizo ndogo kabisa zinazokubalika kwa kiti cha mtu mmoja. Kwa usukani wa kulia mpe 25. Mteja akiuliza mbona pana, mwambie pana ndiyo fasheni.

Magari ya migodini yana ugonjwa wao. Viti vinavishwa kanvasi nzito kuzuia vumbi, na kanvasi inafunika kitufe. Tangu siku hiyo mto hausogei. Ukiletewa kazi hiyo, toboa tundu la kitufe, lizungushie pete ya chuma, na kanvasi ya mto ishone peke yake, isiunganishwe na ya mgongo. Meno usiyapake grisi. Vumbi jekundu la hapa huganda juu ya grisi likawa saruji. Yapanguse kwa kitambaa kikavu. Kisha kuna kofia ngumu. Wafanyakazi wanapanda basi alfajiri wakiwa nazo kichwani, ukingo wa nyuma unagusa mto, kichwa kinasukumwa mbele, shingo inauma kabla ya kazi. Usiwaambie wavue. Shona mfuko wa wavu mgongoni mwa kila kiti, wenye ukubwa wa kofia ile, na mtu atavua mwenyewe kwa kuwa ameona mahali pa kuweka. Ndoano ya chuma usiweke kamwe. Siku ya kugongana itaingia kwenye uso wa aliye nyuma.

Tunafika kwenye Hiace, na hapa naomba sikio lako lote. Gari limetoka Japani likiwa la mizigo, sisi tumelichomelea mabenchi, watu wanne kwa safu, na kile kiti cha kukunja cha katikati chenye mgongo unaoishia mabegani. Mwenye gari atasema mito inakula nafasi na inaongeza gharama. Usimtajie ajali, atakwambia gari lake linalindwa na Mungu. Mtajie usingizi. Abiria wa Lubumbashi akijua kuna basi ambalo kichwa kinapata pa kulala hadi Likasi, atalisubiri hilo. Mwenye gari anaelewa abiria wanaosubiri.

Akikubali, usimwekee mito ya kupandisha. Inua mgongo wa benchi wenyewe ufike juu ya kisogo, umoja na kiti, bila kitufe, bila springi, bila kitu cha kuibwa. Zile asilimia 17 za mwaka 1982 ni zake yeye. Kumbuka yaliyotokea Kenya mwaka 2004, sheria za Waziri wa Uchukuzi, Michuki, zilipoleta mikanda ya usalama kwenye mabasi madogo ya matatu: mikanda ilifungwa, lakini abiria wengi wakawa wanaivaa penye askari tu. Mgongo mrefu wa benchi haumsubiri abiria auvae.

Mambo machache nisiyoweza kukuonea huruma. Sponji ya godoro ikataliwe. Kichwa kinazama mpaka kwenye chuma. Tumia ngumu ndani, laini kidogo juu. Mto uvishwe sponji pande zote mbili, maana aliye nyuma ataugonga kwa uso. Usifiche kipande cha nondo ndani ili mto uwe mzito wa kifahari. Na jino la kufunga lijaribu mwenyewe: pandisha mto, uegemee kwa mikono miwili na uzito wako wote. Ukishuka, fungua uanze upya, hata kama mteja yuko mlangoni anapiga honi.

Kuhusu bei, tuwe wakweli. Wapo watakaolipa ngozi, uzi, jina na satini, kisha wakisikia mto una bei yake waseme, "Papa fundi, huo uache." Mwenye Hiace ya kukodisha atasema hivyo mapema zaidi kuliko wengine, na shofa aliyemwajiri hana sauti. Nakuomba hivi: usimwachie shofa huyo kiti kitupu. Chukua mabaki ya bomba na sponji yaliyopo sakafuni, mtengenezee mto wa kiti chake kimoja, uufunge kwenye urefu unaofaa, na umwambie tajiri wake ni zawadi ya karakana.